Gari Lisilojengwa

Mwaka 1957 Mfaransa Roland Barthes alitoa kitabu chake Mythologies, mkusanyo wa insha fupifupi kuhusu mambo ambayo wasomi wakubwa wa wakati ule hawakuona haja ya kuyaandikia: mieleka, mvinyo, sabuni ya unga, uso wa Greta Garbo. Ndani yake zimo insha tatu ambazo ukizisoma kwa pamoja utadhani zimeandikwa kwa ajili ya biashara moja. Moja inahusu vitu vya kuchezea vya watoto, nyingine plastiki, na nyingine gari jipya la Citroën, ile DS ambayo Barthes aliifananisha na makanisa makuu ya kale ya Ulaya. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Januari 1958, huko Denmark, bwana mmoja aitwaye Godtfred Kirk Christiansen akapeleka maombi ya hataza ya kitofali cha plastiki chenye vinundu juu na mirija ndani. Kitofali cha Lego.

Malalamiko ya Barthes ni rahisi kuyaelewa. Vitu vya kuchezea vya siku zake vilimfanya mtoto awe mmiliki na mtumiaji, wala si muumbaji. Mtoto anakabidhiwa dunia ya wakubwa imeshapunguzwa na kukamilishwa, yeye kazi yake ni kuipokea tu. Plastiki aliiona haina joto la mkono, aliililia mbao. Lakini aliacha mlango mmoja wazi. Matofali ya kupanga, alisema, hayo ni habari nyingine, maana mtoto anaumba kitu chake mwenyewe, ilimradi matofali yenyewe yasinakshiwe kupita kiasi.

Hilo sharti la mwisho nalitaka tulishike, kwa sababu ninachotaka kukisimulia ni historia ya namna lilivyovunjwa, na namna pesa ilivyoingia kupitia ufa huo.

Leo kuna watu wananunua magari ya Lego kama wengine wanavyonunua viwanja. Boksi la Volkswagen Beetle lililotoka mwaka 2008, lenye vipande 1,626, liliuzwa Marekani dola 119.99. Halikukaa sana madukani. Likiwa bado na lakiri yake, sasa linaombewa bei mara kadhaa ya ile ya kwanza. Sharti ni moja tu, nalo halina mjadala: lisiwe limefunguliwa. Ukishalifungua na kujenga gari, hata ukilijenga bila kasoro, hata ukiviweka vipande vyote na kitabu cha maelekezo, umeshapunguza thamani. Yaani kitu kilichobuniwa ili kijengwe kinapoteza bei kwa sababu kimejengwa. Hebu turudi nyuma tuone tumefikaje hapa.

Baba yake Godtfred, Ole Kirk Christiansen, alikuwa seremala katika kijiji cha Billund, eneo la Jutland. Mdororo wa uchumi ulipowaangusha wakulima waliokuwa wateja wake, mwaka 1932 akaanza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao: bata wa magurudumu, mabasi, malori. Mwaka 1934 akaibatiza karakana jina la Lego, kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yanayomaanisha "cheza vizuri". Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo ninachokipenda kuliko vyote. Yoyo ilivuma ghafla, kila mtoto akaitaka, karakana ikachonga kwa wingi. Kisha uvumi ukafa ghafla vilevile, ukaacha lundo la yoyo zisizouzika. Wakazipasua katikati. Kila nusu ikawa gurudumu la lori la mbao. Kwa hiyo miongoni mwa magurudumu ya mwanzo ya kampuni hii yamo yaliyotokana na bidhaa iliyododa. Aliyewahi kukata kandambili chakavu ili apate magurudumu ya gari la waya ataielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Plastiki ilikuja baada ya vita. Ole Kirk alinunua mashine ya Kiingereza ya kumimina plastiki, na pamoja nayo akaona sampuli za kitofali kilichobuniwa na Mwingereza Hilary Fisher Page wa kampuni ya Kiddicraft. Kitofali cha kwanza cha Denmark, cha mwaka 1949, kilikifuata kile cha Page kwa karibu mno. Page alifariki mwaka 1957, na ni mwaka 1981 tu ndipo Lego waliponunua haki za matofali ya Kiddicraft. Hili tuliweke pembeni kidogo, tutalihitaji mbele.

Vitofali vile vya mwanzo havikushikana vizuri, na soko halikuvishangilia. Kilichouzika miaka hiyo kilikuwa trekta ya plastiki ya Ferguson, nakala ndogo ya ile iliyokuwa ikilima mashamba ya Ulaya baada ya vita.

Mwaka 1955 Godtfred akaja na wazo la mfumo: badala ya bidhaa mia zisizohusiana, vitofali vyote viingiliane na mtoto ajenge mji. Mji ukapewa mkeka uliochorwa mitaa, ambao ungemfundisha pia sheria za barabarani. Lakini mji hauwi mji bila magari, na vitofali vya wakati ule havikuwa na gurudumu. Suluhisho? Wakatengeneza magari madogo ya plastiki yaliyokamilika, yaliyopunguzwa mara 87 kutoka ukubwa halisi: Volkswagen Beetle, mabasi madogo ya Volkswagen, malori. Huwezi kuyajenga. Unayapaki tu mbele ya nyumba uliyoijenga.

Ndiyo kusema magari ya kwanza ndani ya mfumo wa Lego yalikuwa hasa kile alichokilalamikia Barthes: dunia ya wakubwa imepunguzwa, mtoto aitazame. Nyumba ilikuwa ya mtoto, gari lilikuwa la kiwanda. Na magari hayohayo leo yanawindwa na wakusanyaji, hasa yenye rangi zilizotoka chache, na huuzwa mojamoja, kila kimoja kikichunguzwa mikwaruzo kwa kioo cha kukuzia.

Hataza ya 1958 ilibadilisha mambo. Mirija ndani ya kitofali iliuwezesha mjengo kushika bila kulegea, na kitofali cha mwaka huo bado kinaingiliana na cha leo. Ole Kirk alifariki Machi mwaka huohuo. Mwaka 1960 ghala la vitu vya mbao likaungua, na familia ikaamua kuachana na mbao kabisa. Kisha mwaka 1962 likaja gurudumu: ringi yenye tairi la mpira na pini ya chuma iliyochomekwa kwenye kitofali maalumu. Ni kitu kidogo, lakini ndipo gari lilipohama kutoka kiwandani na kuingia mikononi mwa mtoto. Baadaye matairi hayo yakawa mengi kiasi kwamba Guinness waliitambua Lego kuwa mtengenezaji wa matairi mengi kuliko wote duniani, zaidi ya milioni 300 kwa mwaka. Hayana upepo, lakini Guinness hawakusema lazima yawe nao.

Magari ya miaka ya 1960 na 1970 hayakufanana na gari lolote lenye jina. Ni kisanduku, magurudumu manne, kioo cha mbele kama bahati ipo. Vile vijitu vya Lego vyenye miguu inayokunja vilipokuja mwaka 1978, gari likawa na upana wa vinundu vinne, dereva anakaa katikati peke yake kama mfalme, mlango hakuna. Lilikuwa gari kwa sababu wewe umesema ni gari. Nyuma ya maboksi ya miaka hiyo kulikuwa na picha za vitu vingine unavyoweza kuvijenga kwa vipande vilevile, bila maelekezo yoyote. Picha tu. Jitafutie mwenyewe. Wanahisabati walikuja kupiga hesabu kwamba vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaunganishika kwa njia 915,103,765. Picha ya nyuma ya boksi ilikuwa namna ya kumnong'oneza mtoto hesabu hiyo.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu kipindi bora cha magari haya kinaanzia mwaka 1977 na kinaishia katikati ya miaka ya 1990, na hakina uhusiano wowote na bei.

Mwaka 1977 kampuni ilitoa chesisi ya gari katika mfululizo uliokuja kuitwa Technic. Haikuwa na bodi. Ilikuwa mifupa mitupu: usukani unaokata magurudumu kwa meno, injini yenye pistoni zinazopanda na kushuka gari likisukumwa, viti. Mwaka 1980 ikaja chesisi kubwa zaidi, na hii ilikuwa na difu. Sasa difu ni kitu ambacho fundi anaweza kukueleza saa nzima usielewe: kwa nini gari likikata kona gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani, na mhimili mmoja utawezaje kuyapa mwendo tofauti. Ukiijenga kwa vidole vyako, ukashika gurudumu moja na kuzungusha jingine, umeelewa na hutasahau. Mwaka 1994 wakatoa gari la namba 8880, vipande zaidi ya 1,300: nguvu kwenye magurudumu yote manne, magurudumu yote manne yanakata kona, giaboksi ya gia nne, shokomzoba kila pembe. Halikuwa Ferrari wala Porsche. Halikuwa na nembo ya mtu. Lilikuwa gari lililofikiriwa upya tangu mwanzo na watu waliotaka mtoto aone ndani.

Magari hayo nayo sasa ni ghali yakiwa hayajaguswa. Lakini ni machache yaliyobaki hivyo, na sababu ni nzuri: yalichezewa. Waliokuwa watoto mwaka 1980 waliyavunja, wakachukua difu wakaiweka kwenye trekta, wakachukua trekta wakaifanya winchi. Uhaba wa leo ulitengenezwa na watoto hao. Boksi moja lililonusurika lina thamani kwa sababu maelfu ya mengine yalifanya kazi yake, na kwa sababu walioyavunja sasa ni watu wazima wenye mishahara na hamu ya kuurudia utoto. Kila mpigaji mnada anamtegemea mtoto fulani aliyepoteza vipande chini ya kitanda.

Mgeuko wenyewe ulikuja na nembo, na nembo ilikuja pamoja na shida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Lego walianza kununua leseni za kutumia ulimwengu wa watu wengine, Star Wars ikiwa ya mwaka 1999. Mwaka 2003 na 2004 kampuni ilipata hasara kubwa, ikakaribia kuanguka, na Jørgen Vig Knudstorp akakabidhiwa usukani akiwa hajafika miaka 40. Katika kujiokoa, kampuni ilimwona mteja ambaye zamani haikumjali sana: mtu mzima. Ferrari nyekundu zikaanza kutoka. Mwaka 2008 ikatoka ile Beetle, ikafuatwa na basi dogo la Volkswagen mwaka 2011, Mini Cooper mwaka 2014, Ferrari F40 mwaka 2015.

Angalieni duara hilo: Beetle iliyokuwemo kwenye mkeka wa miaka ya 1950 kama gari lisilojengeka ilirudi miaka hamsini baadaye ikiwa ya vitofali. Lakini mjengo wake umebanwa. Vipande vingi vinatafuta mkunjo mmoja wa boneti, ule mgongo wa kobe unaojulikana na kila mtu, na mkunjo ukishapatikana hakuna kingine cha kutafuta. Ni kazi ya ustadi, sibishi. Nimeona watu wakishusha pumzi mbele yake. Ila picha za nyuma ya boksi, zile za "jitafutie mwenyewe", hazipo tena. Gari ni hilo moja.

Halafu ikaja Porsche 911 GT3 RS ya mwaka 2016. Vipande 2,704, bei dola 299.99 Marekani, boksi jeusi kubwa linalofunguka kama sanduku la viatu vya gharama, na ndani ya gari, mahali pa kuwekea vitu vidogo mbele ya abiria, kipande chenye namba ya pekee. Kila boksi na namba yake, hakuna mbili zinazofanana. Mwaka 2018 Bugatti Chiron ya vipande 3,599 ikafuata mtindo huohuo wa namba. Mwaka huohuo wahandisi wa kampuni waliunda Chiron ya ukubwa halisi kwa vipande zaidi ya milioni moja, ikaendeshwa kweli, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Tangazo la kufurahisha, tuliache.

Namba ndiyo isiniache. Maana yote ya kitofali cha 1958 ilikuwa kwamba hakina nafsi: chochote kinakaa mahali pa chochote, cha leo na cha juzi ni kimoja. Kukipa gari la vitofali namba ya pekee ni kulitangaza kuwa halipaswi kuvunjwa. Sharti la Barthes lilivunjikia hapo, kwenye kipande kimoja kidogo chenye maandishi.

Sisi wasomaji tusijione wasafi. Ulimwengu wa vitabu adimu uliyajua haya zamani. Vitabu vya Ulaya viliwahi kuuzwa kurasa zake zikiwa bado hazijakatwa, msomaji alipaswa kuzikata kwa kisu. Na wapo wakusanyaji waliolipa zaidi kwa nakala ambayo kisu hakijaigusa, yaani nakala ambayo kwa hakika hakuna aliyeisoma. Jalada la karatasi la toleo la kwanza, lile ambalo wasomaji wengi walikuwa wakilitupa, linaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Tofauti ni kwamba kitabu kisichosomwa bado kina maneno yake ndani, yametulia, yanangoja. Boksi la Lego lililofungwa halina gari ndani. Lina mifuko ya vipande na kitabu cha maelekezo. Mwenye nalo anamiliki picha iliyochapwa juu ya boksi.

Na picha hiyo inalipa kwa kweli. Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Higher School of Economics cha Moscow, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, walichunguza bei za maboksi 2,322 ambayo hayajafunguliwa, ya kati ya mwaka 1987 na 2015, wakakuta wastani wa faida usiopungua asilimia 11 kwa mwaka. Magazeti yalishangilia: Lego yaishinda dhahabu! Kidogo waliloliruka ni kwamba ndani ya wastani huo kulikuwa na maboksi yaliyopoteza nusu ya thamani. Lile basi la Volkswagen la 2011, kwa mfano, lilipendwa mno, kwa hiyo kampuni ikaendelea kulitengeneza miaka na miaka, na aliyejaza stoo akingoja lipotee sokoni alingoja sana. Anayeamua gari listaafu lini ni kampuni, na haikuambii mapema. Ikitaka inaweza pia kutoa toleo jipya la gari lilelile kesho. Tangu mwaka 2019 inamiliki hata BrickLink, soko kubwa la mtandaoni la vitofali vya mkono wa pili lililoanzishwa mwaka 2000 na shabiki mmoja, Dan Jezek. Kwa hiyo mnada, duka na kiwanda vimekaa chini ya paa moja, na huyo anayejiita mwekezaji amekaa uani.

Pesa ikifika, wengine nao hufika. Mwaka 2020 polisi wa Ufaransa walikamata kundi la watu waliokuwa wakiiba maboksi ya Lego katika maduka ya viunga vya Paris. Mwaka huohuo mahakama ya Shanghai ilimfunga miaka sita kiongozi wa kundi lililotengeneza Lepin, nakala zilizofanana na Lego hadi kwenye picha ya boksi. Hapo ndipo namkumbuka Hilary Fisher Page. Sheria imetenda haki, na Lepin hawakuwa na la kujitetea. Lakini historia ya kitofali hiki ilianza na sampuli ya mtu mwingine, na mtu huyo hakufungua kesi.

Wakati mwingi katika stoo una madhara ambayo boksi halionyeshi. Stika hukauka gundi, zikabanduka siku utakayozihitaji. Vyeupe na vya kijivu hugeuka manjano vikikaa juani. Mnunuzi hawezi kuangalia, kwa sababu kuangalia ni kuharibu. Analipia asichokiona, na atakapouza, naye mwenzake atalipia asichokiona.

Ile Porsche ya 2016 inao mfano wake. Mashabiki walioijenga walifika kwenye giaboksi, wakaiunga kama kitabu kilivyoelekeza, wakazungusha magurudumu na kuhesabu pistoni zikienda. Wakagundua gia haziji kwa mpangilio: ya kwanza, kisha ya tatu, kisha ya pili, kisha ya nne. Kulikuwa na kosa kwenye mpangilio wa meno. Waliolijua ni waliolijenga, na ni haohao waliolipatia dawa: fungua hapa, hamisha gia hii pale, funga. Wakaelekezana wao kwa wao. Porsche zao, kwa bei ya soko, zimeshuka thamani, na gia zake zinaingia sawasawa. Zilizobaki ndani ya maboksi meusi, kila moja na namba yake, bado kitabu chake kinaelekeza gia ya tatu iitangulie ya pili.